Kocha tuliyemwondoa kimya kimya kaomba kazi kituo kingine, wamenipigia kuniuliza. Niseme nini?

Fundi wa Njumu (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni, samahani uzi ni mrefu kidogo ila hili jambo nina siku tatu nalo na usingizi hauji vizuri.

Nasimamia kituo cha soka cha watoto huku Mbagala. Sio academy ya kusema academy, ni kiwanja cha shule tunaazimwa jioni, mipira kumi na nne, watoto kama sitini kuanzia miaka 9 mpaka 16, makocha wanne wa kujitolea, hela ni michango ya wazazi wachache na kuna mfadhili mmoja analeta jezi. Mwaka jana tulikuwa na kocha kijana wa miaka thelathini na kitu hivi, mpira anaujua kweli na watoto walikuwa wanampenda balaa. Ndo alikuwa anabaki na watoto mpaka giza linaingia, wale ambao kwao hali ngumu anawanunulia njumu kwa hela yake, na siku za mechi ya asubuhi anawalaza kwake ili wasichelewe. Sisi kwenye grupu la wazazi tulikuwa tunamsifia mpaka basi.

Mwezi wa kumi mama mmoja akaja kwangu, sio kiwanjani, nyumbani, saa mbili usiku, na simu mkononi. Ni simu ya mama ila mtoto huwa anaitumia. Kocha anamwandikia mtoto wa kiume wa miaka 13 saa tano usiku, umelala? nimekumiss, kesho wahi nikuchue ule mguu kabla wenzio hawajafika, usimwambie mama atakukataza mpira. Meseji kama ishirini hivi zote za mwendo huo. Na mtoto alishaacha mazoezi wiki mbili, akiulizwa anasema mguu unauma.

Tukakaa kamati watu watano. Kocha akakana, akasema anamchukulia kama mdogo wake, akalia pale mbele yetu. Mwenyekiti akasema tusiharibu jina la kituo na maisha ya kijana wa watu, mama nae hakutaka mwanae aanze kunyooshewa vidole mtaani, basi tukamwambia kocha aandike barua ya kuacha kwa sababu za kifamilia. Na sisi tukamwandikia barua ya shukrani. Ndio, niliyeichapa ni mimi, "ametumikia kituo kwa moyo na nidhamu ya hali ya juu".

Sasa Jumanne nimepigiwa na dada mmoja anasimamia kituo Kigamboni, chao kina bweni, watoto wanalala pale pale. Anasema kijana kaleta barua yenu nzuri sana nataka tu nithibitishe. Nikamwambia nipo kwenye daladala simsikii vizuri ntampigia. Sikuwa kwenye daladala.

Nikimpigia nimwambie nini? Nikisema ukweli ataniuliza mbona mliandika hii barua. Na jamaa akinishtaki namchafua? Ushahidi sina, meseji mama alisema ameshazifuta kwa hasira.

Kipande cha Muhogo

Naweka kambi hapa.

Mama Wawili

Namba ya huyo dada unayo. Muda wa kuandika uzi huu wote umeupata. Kaka yangu leo usiku kuna watoto wamelala bweni moja na huyo mtu, au wanakaribia kulala nae. Piga simu kwanza halafu urudi hapa tukushauri.

Mzee wa Ndondo

Tupunguze mihemko jamani. Mimi nimefundisha mpira tangu miaka ya tisini, tumelala na makocha wetu chumba kimoja kwenye mikeka, tumechuliwa mpaka ngozi inatoka, hakuna aliyekufa. Haya mambo ya kila mtu mzima ni mshukiwa yametoka kwa wazungu na NGO zao, ukimshika mtoto bega unaandikiwa ripoti. Kijana anajitolea bila hata nauli, ananunulia watoto viatu, mwisho wake anaitwa fataki. Kesho mkikosa makocha msije kulia hapa.

Kipande cha Muhogo

Mzee ila zile meseji za saa tano usiku umezisoma au umezirukia?

Dada wa Ustawi

Shikamoo Mzee wa Ndondo. Ntakujibu baadae kwa heshima zote, ngoja kwanza nimalizane na mwenye uzi maana mimi ndo kazi yangu hii, afisa ustawi wa jamii ngazi ya kata, mwaka wa kumi na moja sasa.

Mwenye uzi, unasema ushahidi huna. Nani kakuambia kutafuta ushahidi ni kazi yako? Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 95 inasema mwananchi yeyote mwenye ushahidi AU taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa ana wajibu wa kuripoti serikali za mitaa. Taarifa. Wewe ulikuwa na taarifa, imekuja na miguu yake mpaka sebuleni kwako. Mlichofanya nyie watu watano ni kugeuka polisi, hakimu na magereza kwa jioni moja, mkamsikiliza mshtakiwa analia mkamhurumia, mtoto hata hakuwepo. Sisemi mlikuwa na nia mbaya, vikao vya namna hiyo nimevikuta misikitini, makanisani, shuleni, kwenye vikoba, kote ni watu wazuri tu wanaogopa aibu.

Halafu angalia hizo meseji kwa macho ya mtu aliyeona nyingi. Zawadi ambayo wenzake hawapati, kama zile njumu. Muda wa peke yao, wahi kabla wenzio hawajafika. Siri, usimwambie mama. Na kitisho kidogo cha kupoteza kitu mtoto anachokipenda, atakukataza mpira. Hivyo vinne vikikaa pamoja mimi sisubiri cha tano. Mtu anayerubuni mtoto haanzi na mtoto, anaanza na nyie wakubwa, anakuwa mwema mpaka siku mtoto akisema mnamshangaa mtoto. Unasema grupu la wazazi lilikuwa linamsifia, basi jua na ile ilikuwa sehemu ya kazi yake.

Cha kufanya kesho sio keshokutwa. Mpigie yule dada. Nenda na mama kwa mtendaji wa kata au kwa ustawi kata yenu, mpelekwe Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mkiogopa kuanza na ofisi pigeni 116, ile huduma ya simu kwa mtoto, ni bure, wao wenyewe wanaunganisha na ustawi wa wilaya. Na usimhoji mtoto, nakuomba sana. Kila mtu mzima anayemhoji anaongeza neno lake, akifika mbele ya hakimu mtoto anakuwa na hadithi ya watu sita. Akisema mwenyewe sikiliza, usimuahidi kwamba itabaki siri maana haitabaki, andika maneno yake kama alivyoyasema na tarehe, basi.

Fundi wa Njumu

Nimekusoma dada. Mama Wawili nae nimemsikia. Kinachonitia woga ni hilo la kushtakiwa, mimi ni fundi viatu tu.

Wakili wa Kijiweni

Mkuu, kuchafuliwa jina ni pale unaposambaza uongo kwa watu wasiohusika. Mwajiri kakupigia kukuuliza kuhusu mtu anayetaka kumkabidhi watoto, wewe ukamjibu kwa nia njema yale uliyoyaona na kuyafanya, hapo una pa kusimama vizuri tu mahakamani. Ila chunga mdomo. Usiseme "huyo ni mbakaji", hujui. Sema: tulipokea malalamiko ya mzazi tarehe fulani, yalihusu meseji za usiku kwa mtoto wa miaka 13, tulimtaka aache, hatukuripoti, na barua ile haikusema ukweli wote. Basi. Usiweke picha yake status, usimtupe kwenye grupu la wazazi, hapo ndo watu wanaponasa.

Na suala la ushahidi kwa faida ya wote. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kwenye makosa ya kujamiiana imtie mtu hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, hakimu akiridhika mtoto anasema kweli na akaandika sababu zake. Kwahiyo "hakuna shahidi" sio mwisho wa mambo kama watu wanavyodhani.

Meseji zilizofutwa msizikatie tamaa, simu msiiuze, msiifomati, pelekeni ilivyo.

Mtu wa Miradi

Mnanikumbusha mbali. Mimi nimefanya kazi mashirika mawili makubwa, hili neno sefugadingi, yani kulinda watu wasinyanyaswe na wafanyakazi wa shirika, lilituangukia 2018 kama mvua ya mawe. Kabla ya hapo lilikuwepo kwenye makaratasi ila hakuna aliyejali. Kilichotokea ni ile habari ya Oxfam Haiti, tetemeko lilikuwa 2010, wafanyakazi wao wakawa wanalipa wanawake wa kule kwa ngono kwenye nyumba za shirika, uchunguzi wa ndani ukafanyika 2011, mkurugenzi wao wa Haiti akaruhusiwa ajiuzulu kistaarabu. Halafu jamaa akaenda kupata kazi nyingine shirika la Kifaransa, Bangladesh, na hao wakaja kusema hawakuambiwa kitu. Mwenye uzi umeona hapo? Yani ni barua yako ile ile ya nidhamu ya hali ya juu, tofauti yake imepanda ndege.

Gazeti The Times lilivyolitoa 2018 wafadhili wote wakachanganyikiwa, bila sera ya ulinzi wa mtoto hupati hela. Na sisi tukafanya kama Wabongo tunavyofanya, tukachukua sera ya shirika lingine, kurasa arobaini, tukabadilisha nembo. Tulikuja kugundua baada ya miezi kadhaa kwamba katikati ya sera yetu bado kuna jina la shirika tulilolinakili. Mimi ndo nilikuwa fokopointi, yani msimamizi wa sera hiyo, nimesaini kila ukurasa, sijasoma hata mmoja 😂😂

Ila kitu kimoja kizuri kilitoka kwenye vurugu ile. Kuanzia 2019 mashirika mengi ya misaada yakakubaliana kuulizana. Unaomba kazi kwangu, mimi nawaandikia waajiri wako wa miaka mitano ya nyuma, swali moja tu la moja kwa moja, huyu mtu mliwahi kumkuta na kosa la unyanyasaji wa kingono au mlikuwa mnamchunguza alivyoondoka? Unajibiwa ndio au hapana. Hakuna habari za moyo na nidhamu. Hata kituo chenu cha mipira kumi na nne mnaweza, ni simu tu hiyo.

Mzee wa Ndondo

Haiti ni Haiti. Hapa tunaongelea Mbagala, na huyo ni mtoto wa kiume jamani.

Dada wa Ustawi

Mzee wangu, hapo kwenye "mtoto wa kiume" ndo panaponiumiza. Utafiti mkubwa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulifanyika 2009, ukatolewa 2011, UNICEF, CDC ya Marekani (wale wa kudhibiti magonjwa) na Muhimbili. Wasichana karibu watatu kwa kila kumi walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya miaka 18. Wavulana ni mmoja kwa kila saba. Weka timu yako na wachezaji wa akiba uhesabu mwenyewe. Wavulana hawasemi kwa sababu wanajua mtaa utawaita nini. Na sheria haina utani hapo, kumlawiti mtoto chini ya miaka 18 kifungo chake ni maisha.

Kipchumba wa Bomet

Niaje wadau, mimi ni jirani wenu wa Kenya. Hii story inanikumbusha Boito, si mbali na kwetu. Kulikuwa na Mmarekani mmoja alikuja na mke wake 2008 wakafungua makao ya watoto mayatima, watu wa kanisa, kijiji chote kilikuwa kinawashukuru. Mambo yakaanza kutoka 2017, jamaa akatorokea kwao. Walimshika huko Pennsylvania akakubali makosa na 2021 akahukumiwa miaka 15 na miezi 8, alikuwa anadhulumu wasichana wadogo aliokuwa anawalea. Sasa sikieni hii, huyo mtu alikuwa na hatia ya shambulio la kingono huko kwao tangu 1996! Ilikuwa kwa rekodi ya korti. Hakuna mtu alimuuliza kitu juu alikuja na Biblia na dola.

Siku hizi kupata kazi yoyote hapa unaitishwa cheti cha tabia njema. Mwananchi wa kawaida anaitishwa hata kazi ya uaskari wa geti, lakini mgeni mwenye makao ya watoto tunamuonea haya.

Mwana Goma

Jambo bandugu. Miye niko Goma. Kwetu huku wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, Beni, Butembo, Mangina, kazi za riposte, yani za kupambana na Ebola, zilikuwa na pesa mingi na watu walikuwa na njaa. Wanawake wakaambiwa ukitaka kazi lala na miye. Tume iliyotumwa kuchunguza ilitoa ripoti 2021, watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa watu wa OMS, Shirika la Afya Duniani. Wengine ni wakubwa wenye kustahili heshima, wengine ni madereva. Kuna binti kwenye ile ripoti, mtoto wa miaka kama 13, alikuwa anauzisha kadi za simu kando ya barabara Mangina, dereva akasimamisha gari, akamwambia panda nikufikishe nyumbani. Hakumfikisha nyumbani.

Nasema hivi juu nyinyi mnaangalia tu kocha. Angalieni na dereva, na sentinele, mlinzi wa usiku, na yule anayeleta maji. Mtoto haogopi mtu mwenye gari ya shirika, anaona ile alama kwenye mlango anafikiri ni usalama.

Kipande cha Muhogo

Mwenye uzi swali dogo. Huyo kocha nyie mlimpata wapi?

Fundi wa Njumu

Alikuja na barua. Alitokea Morogoro.

Kipande cha Muhogo

Barua ilisemaje?

Fundi wa Njumu

Sikumbuki mkuu, ipo kwenye faili nyumbani kwa katibu. Ngoja kesho.

Mama Wawili

Na simu umepiga?

Fundi wa Njumu

MREJESHO

Nimepiga asubuhi hii saa mbili. Nilifuata maneno ya wakili, niliyaandika kwanza kwenye daftari nikawa nasoma maana mikono ilikuwa inatetemeka. Yule dada alinyamaza muda mpaka nikadhani salio limekata. Kumbe kijana walishampokea kwa majaribio tangu wiki iliyopita na funguo ya bweni anayo. Alinitukana, sitaki kuandika alivyonitukana, akakata. Baada ya dakika kumi akapiga tena anauliza nimwandikie, nikamwandikia na barua ile ya mwanzo nikaifuta kwa barua nyingine yenye tarehe ya leo na jina langu. Amemtoa bwenini leo leo, amesema mpaka mamlaka zitakapomaliza asionekane getini.

Sasa hilo la Kipande. Nimeenda kwa katibu tumefungua faili. Barua ya Morogoro ipo. "Ameondoka kwa sababu za kifamilia. Amekuwa mlezi mwema kwa vijana wetu na tunamtakia kila la heri." Nimesoma nikakaa chini kwenye mkeka wa watu. Chini kuna namba, nikapiga, akapokea mzee wa makamo. Shikamoo mzee, marahaba, nikajitambulisha, nikamtaja kijana. Hakuniuliza hajambo wala yuko wapi. Akauliza, "Kafanya nini tena?"

Tena.

Kipande cha Muhogo

Dah.

Mtu wa Miradi

Hapo ndo mjue mlikuwa na barua ya onyo mkononi tangu siku ya kwanza, tatizo ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya shukrani. Kilichokuwa kinatakiwa ni simu ya shilingi mia mbili.

Dada wa Ustawi

Mwenye uzi hongera kwa hiyo simu, na ya pili vile vile. Huyo mzee wa Morogoro mwambie nae aende ustawi wa kwao, mtoto wa kule bado ana haki yake hata kama ni zamani. Na mtoto wenu, kama kuna chochote kilichofanyika mwilini, PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) na hospitali haraka. Likiwa la karibuni ni ndani ya saa 72 kwa sababu ya dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Lenu ni la muda sasa ila bado apelekwe, hospitali kubwa kama Amana zina kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi mnawapata sehemu moja, mtoto hazungushwi.

Baba Tisho

Naomba niulize kitu tofauti kidogo, mimi nina madrasa ya jioni watoto arobaini, mtaa wa kawaida, bajeti ni sifuri. Hizo kurasa arobaini mimi siziwezi. Nifanye nini cha kuanzia ambacho hakihitaji mfadhili?

Mtu wa Miradi

Baba Tisho safi sana, swali lako ndo uzi wenyewe. Zile kurasa arobaini ukizikamua zinabaki chache. Mtu mzima asiwe peke yake na mtoto mmoja sehemu isiyoonekana, iwe ofisi, chumba cha vifaa, bodaboda, popote. Ukitaka kuongea na mtoto faragha ongea nae pale nje watu wanawaona ila hawawasikii. Mawasiliano ya simu yanaenda kwa mzazi au kwenye grupu ambalo mzazi yupo, ustadhi hana kazi ya kuchati na mtoto. Zawadi inapita kwenye kituo, mtu akitaka kununulia mtoto kanzu au njumu aikabidhi kwa uongozi, uongozi ndo utoe, isiwe ya fulani kwa fulani. Mlango wa darasa uwe wazi, kama kuna pazia litoe, hilo halina gharama.

Na mtoto awe na mtu wa kumwambia ambae SIO mwalimu wake, hapa ndo wengi wanakosea. Tuliwahi kuweka sanduku la maoni, kumbe funguo anakaa nayo mkuu wa kituo ambae ndo alikuwa analalamikiwa. Tafuteni mama mmoja mtaani watoto wanampenda, awe anapita kila wiki, kila mtoto ajue nikiwa na neno naenda kwa mama fulani.

Dada wa Ustawi

Naongeza moja, watoto waambiwe wenyewe. Sio semina, dakika tano kabla ya mazoezi au kabla ya kusoma: hakuna kocha wala ustadhi anayeruhusiwa kukuambia "usimwambie mama". Akikuambia hivyo ndo ukamwambie mama. Mtoto wa miaka saba analishika hilo.

Mzee wa Ndondo

Mmenisema sana, haya. Ila hizo sheria zenu nilizoziita za kizungu sisi tulikuwa nazo. Kambi yetu kulikuwa na mama mpishi, marehemu, alikuwa analala chumba cha watoto wadogo, sio kocha. Mzee wa timu alikuwa anatandika godoro lake mlangoni kabisa, ukitoka kukojoa unamruka, na yeye anakuuliza unaenda wapi. Kuchua ilikuwa uwanjani chini ya mwembe, kila mtu anaona, ukipiga kelele wenzio wanacheka. Kocha wetu mkuu sikumbuki kuingia chumbani kwetu hata siku moja, alikuwa anatuita tutoke nje. Kwahiyo nilivyosema tumelala na makocha chumba kimoja nilichanganya, wale walikuwa wachezaji wakubwa.

Dada wa Ustawi

Mzee, na wale wachezaji wakubwa?

Mzee wa Ndondo

Hilo sijawahi kulifikiria.

Mama Wawili

Kuna jambo hamjaligusa. Picha. Mwanangu wa miaka kumi nimekuta picha yake yuko bafuni kwenye bomba na kaptula, kwenye ukurasa wa kituo, maneno chini "vijana wetu wakijifua". Jina lake lote na shule anayosoma. Nilipouliza wakasema mfadhili anapenda kuona maisha halisi. Hivi mtu mzima gani anataka kuona mwanangu anaoga?

Mtu wa Miradi

Hilo lina uzi wake kabisa. Kwa kifupi, ruhusa ya mzazi kwa maandishi, mtoto amevaa, hakuna jina kamili na shule pamoja. Na ukisema futa wafute siku hiyo hiyo.

Kijana wa Tandika

Mi naona mnachelewa tu, mngempa kichapo cha mbwa koko yangeisha. Nipeni jina tu, hata herufi ya kwanza.

Fundi wa Njumu

Jina sitoi hapa mkuu, na PM usinitumie. Mkimpiga akafa sisi ndo tunaenda ndani, na mtoto anabaki anajua kuna mtu kafa kwa sababu yake.

Wakili wa Kijiweni

👆 Sina cha kuongeza.

Fundi wa Njumu

MREJESHO WA PILI, samahani nilipotea wiki nzima.

Mama alikataa siku mbili za mwanzo. Alichoogopa sio polisi, alikuwa anaogopa shangazi zake mtoto. Mke wangu ndo aliyeenda kukaa nae, mimi sikuingia. Siku ya tatu akasema twende. Tulianza kwa ustawi wa kata, akatupeleka dawati, mtoto akaongea na askari wa kike chumba cha pembeni, wamekaa huko kama saa nzima na sisi tuko kwenye benchi. Alichosema sikijui na sikuuliza. Tumepewa RB, namba ya ripoti ya polisi. Simu imechukuliwa, kumbe kuna meseji mama hakuzifuta zote. Kijana simu yake haipatikani, ila wanasema kuna sehemu wanayo.

Mwenyekiti wetu amejiuzulu, amesema tumemdhalilisha. Mfadhili wa jezi nimemwambia mwenyewe kabla hajasikia kwingine, akakaa kimya siku nne, akajibu anataka kuona tumebadilisha nini. Nimemwandikia ukurasa mmoja tu, sikunakili popote. Kuchua ni uwanjani. Kulala kwa kocha hakuna, mechi ya asubuhi mzazi analeta au hatuendi. Tumekosa mechi mbili tayari na wazazi wengine wamenuna. Mama muuza mihogo wa pale getini amekubali kuwa yule mtu wa watoto wa kumwambia, kila Alhamisi anakuja uwanjani na beseni lake.

Mtoto amesema anataka kurudi kucheza. Tatizo njumu zake, zile alizonunuliwa na kocha, mama alitaka kuzichoma ila dawati wamezichukua kama kielelezo. Anavaa 38. Mwenye nazo hata zilizotumika, mi ntazishona.

Mzee wa Ndondo

Ninazo 39 za mjukuu wangu. Avae soksi mbili. Nazileta kituoni kwenu Alhamisi, nampa yule mama wa mihogo.